Sasisho Limegoma: Mwongozo wa Kusasisha Kompyuta na Simu Bila Kupoteza Siku Nzima

Kuna maswali manne ambayo hunifikia karibu kila wiki, na majibu yake hayabadiliki. "Mbona simu ya mwenzangu imepata sasisho na yangu bado?" "Imefika asilimia 30 na imeganda, nizime?" "Nikiacha kusasisha kabisa kuna ubaya gani?" La nne huja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa: "Imejiwasha upya yenyewe nikiwa katikati ya kazi, faili langu liko wapi?"

Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Mwongozo ni wa mtu mwenye kompyuta yake na simu yake. Kama kompyuta ni ya mwajiri, baadhi ya mipangilio utaikuta imefungwa. Waone wa idara ya kompyuta, usihangaike kuivunja. Majina machache ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Nadharia kidogo, halafu basi

Watu huita kila kitu "apdeti", ndiyo maana huchanganyikiwa. Kiraka cha usalama huziba tundu ambalo mdukuzi anaweza kupita. Toleo jipya hubadilisha mfumo wenyewe: sura, menyu, na mara nyingine hata namna printa yako inavyozungumza na kompyuta. Kiraka usikicheleweshe sana. Toleo jipya linaweza kukusubiri, wala halitakasirika.

Kwa nini kiraka kisicheleweshwe? Kwa sababu siku kinapotoka, wadukuzi nao hukipakua. Hulinganisha faili la zamani na jipya, wakaona ni wapi pameguswa, na hapo wamejua tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo, hatari zaidi iko kwa yule ambaye hajaziba. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuja kutumiwa na kirusi kiitwacho WannaCry tarehe 14 Machi 2017. WannaCry yenyewe ilishambulia tarehe 12 Mei 2017, siku 59 baadaye, ikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo muda wote huo. Waliokiweka walilala usingizi.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10 ambalo kwa baadhi ya watu lilifuta mafaili yao binafsi; siku chache baadaye likasimamishwa, likarudi Novemba. Kwa hiyo anayesema "mimi nasubiri kwanza wengine wajaribu" si mwoga. Tatizo ni kwamba wengi husubiri bila kujiwekea tarehe ya mwisho.

Kanuni yangu mimi ni hii: kiraka cha usalama, siku tatu hadi saba. Kama kampuni imetangaza kwamba tundu tayari linatumiwa na wadukuzi, siku hiyo hiyo. Toleo jipya, mwezi mmoja au zaidi, na kamwe si wiki ambayo nina kazi ya kukabidhi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chaja, na iwe imechomekwa. Usitegemee betri hata kama inaonyesha asilimia 80.
- Nafasi kwenye diski. Kwa kompyuta lenga GB 20 tupu hata kama sasisho linadai kidogo, kwa sababu kufungua kifurushi nako kunakula nafasi. Kwa simu, GB 8 hadi 10.
- Intaneti isiyokatika. Kiraka cha mwezi cha Windows kinaweza kuwa mamia ya MB, mara nyingine zaidi ya GB 1. Toleo jipya ni GB kadhaa. Hesabu bando lako mapema.
- Nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni.
- Nywila ya kuingilia. Usicheke: anayefungua kompyuta kwa alama ya kidole mwaka mzima huwa ameisahau, na simu nyingi zikijiwasha upya hudai namba ya siri kwanza.
- Ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayoificha diski nzima kwa msimbo, kwa wenye kompyuta iliyofungwa kwa njia hiyo. Ni tarakimu 48. Baada ya sasisho la programu ya ndani inayoiwasha kompyuta (BIOS), kompyuta inaweza kuudai ghafla kwenye skrini ya buluu. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike karatasini sasa, maana ukihitajika kompyuta yenyewe itakuwa haifunguki.
- Saa mbili au tatu ambazo huhitaji kifaa hicho, na kifaa kingine cha kusomea mwongozo huu mambo yakiharibika.

Hatua ya 1: Jua uko wapi

Kabla ya kutafuta sasisho, soma ulicho nacho. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Kidirisha kitakuonyesha toleo na namba yake. Kwenye Android fungua Mipangilio, ingia "Kuhusu simu", gusa toleo la Android, kisha soma tarehe ya kiraka cha usalama. Hiyo tarehe ndiyo ya maana. Simu inaweza kujisifu kwa Android mpya huku kiraka chake kina miezi minane. Kwenye iPhone utaona namba ya toleo kwenye ukurasa wa maelezo ya simu. Iandike mahali; utaihitaji hatua ya mwisho.

Hatua ya 2: Jua uchelewaji ni wa nani

Hapa tukae kidogo, maana ndipo muda mwingi na hasira nyingi hupotelea. Uchelewaji uko wa aina mbili: ule usioweza kuufanyia kitu, na ule ulioutengeneza mwenyewe bila kujua.

Anza na usio wako. Kiraka cha Android hupita mikono mingi kabla hakijafika mfukoni mwako. Google hukitoa. Watengenezaji wa chipu, akina Qualcomm na MediaTek, hushughulikia sehemu inayowahusu. Kampuni iliyounda simu hukichanganya na mfumo wake wenye mapambo yake, kisha hukijaribu kwa kila modeli. Simu zilizouzwa kupitia kampuni za mtandao wa simu mara nyingine hukaguliwa huko pia. Mwisho kabisa hutolewa kwa mafungu: watu wachache kwanza, wakionekana wako salama wanaongezwa wengine. Ndiyo maana simu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kupishana kwa wiki mbili. Yako haina kasoro. Iko nyuma kwenye foleni.

Tangu Agosti 2015, baada ya kishindo cha tundu lililoitwa Stagefright, Google hutoa taarifa za viraka vya Android mwezi kwa mwezi. Android 8.0 ya mwaka 2017 ilitenganisha sehemu ya Google na sehemu ya mtengenezaji wa chipu ili kupunguza kungojeana. Halafu Android 10 ya mwaka 2019 ikafungua mlango wa uani: sehemu fulani za mfumo husasishwa moja kwa moja kupitia Google Play, bila kumsubiri aliyeunda simu. Watu wengi hawajui ukurasa huo upo. Tafuta kwenye mipangilio ya usalama, au pale pale kwenye maelezo ya toleo la Android, maneno "sasisho la mfumo wa Google Play". Gusa. Mara nyingi utalikuta limekaa linakusubiri uwashe simu upya tu.

Kwa iPhone hakuna mikono mingi hivyo, lakini kuna jambo moja: sasisho la kujiendesha lenyewe huweza kukawia siku au hata wiki kadhaa, wakati ukiingia kwenye mipangilio na kulitafuta mwenyewe unalikuta hapo hapo. Kwa hiyo usikae ukilisubiri likubishie hodi.

Windows ina utaratibu wake. Tangu Oktoba 2003 viraka hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa saa za Marekani, na ukibonyeza kutafuta sasisho unavipata. Matoleo mapya ndiyo huja kwa zamu. Na ikijulikana kwamba toleo hilo linagombana na programu au kifaa fulani ulicho nacho, Microsoft huizuia kompyuta yako kwa makusudi mpaka irekebishwe. Ukiambiwa toleo jipya haliko tayari kwa kifaa chako, tafadhali liache. Wapo wanaoenda kupakua kisakinishi na kulilazimisha, halafu wiki ijayo wanauliza kwa nini sauti imepotea.

Watumiaji wa Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kompyuta wa aina ya Linux, mkiona vifurushi vimeachwa nyuma na neno "phasing" limetajwa, ni foleni ile ile. Viraka vya usalama havipangwi kwenye foleni hiyo, kwa hiyo endeleeni na mambo mengine.

Sasa uchelewaji wako mwenyewe. Kagua haya, kwa sababu kwa uzoefu wangu mara nyingi jibu limo humu:

- Intaneti imewekwa alama ya "Metered connection". Mtu alipokuwa anatumia intaneti ya simu aliiweka ili kuokoa bando, akasahau, na Windows kwa adabu kabisa ikaacha kupakua masasisho mengi. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi.
- Ulibonyeza kusimamisha masasisho siku ya mkutano, hukurudi kuyaachilia.
- Diski imejaa.
- Sasisho lilishapakuliwa zamani, linangoja uwashe upya, nawe kila jioni unafunika tu kifuniko cha kompyuta.

Hatua ya 3: Weka nakala

Nakili mafaili yasiyoweza kupatikana tena: picha, hati, kazi za shule, mahesabu. Programu zinaweza kusakinishwa upya, picha za mtoto haziwezi. Baada ya kunakili, fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye ile nakala ujiridhishe yanafunguka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua bado ni tumaini.

Kwa simu, hakikisha pia mazungumzo ya programu za ujumbe yamehifadhiwa, si picha peke yake.

Hatua ya 4: Toa nafasi

Kwenye simu, anza na video, ndizo zinazokula. Kwenye Windows fungua mipangilio ya hifadhi, ruhusu mafaili ya muda yafutwe. Ukikuta folda iitwayo Windows.old, jua kwamba ndiyo njia yako ya kurudi kwenye toleo la zamani, na Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10. Usiifute mapema kama bado hujaridhika na toleo jipya.

Ujanja mdogo kwa iPhone iliyojaa: isasishe kwa kuiunganisha na kompyuta. Kazi ya kupakua hufanyika kwenye kompyuta, na simu haihitaji nafasi kubwa kama ingejisasisha yenyewe.

Hatua ya 5: Chagua saa wewe, kabla mashine haijachagua

Ukisoma hatua moja tu kwenye mwongozo huu, iwe hii. Karibu kila kisa cha "imejiwasha katikati ya kazi" nilichokiona kilianza na mtu aliyebonyeza "nikumbushe baadaye" mara kumi. Mwisho mashine hukosa subira, ikachagua saa yake, nayo haijui kwamba una wasilisho.

Kwenye Windows fungua ukurasa wa Windows Update, ingia mipangilio ya ziada, weka "Active hours": saa ambazo kompyuta hairuhusiwi kujiwasha upya. Unaweza kuweka hadi saa 18. Kisha chagua siku yako moja ya mwezi. Mimi hutumia Jumamosi inayofuata ile Jumanne ya pili: siku nne zimepita, kama kiraka kina kasoro kubwa habari zimeshaenea, na kama kiko salama bado sijachelewa.

Una wiki ngumu mbele? Simamisha masasisho, lakini kwa tarehe. Windows 11 inakuruhusu hadi wiki 5. Weka kengele kwenye simu ya siku utakayoyaachilia.

Ukurasa huo huo una kitufe cha kupata masasisho mapema kuliko wengine. Kiache kimezimwa. Viraka vya usalama vitakuja hata hivyo. Kile kitufe hukuweka mstari wa mbele kwa mambo mengine, na mstari wa mbele ndiko wanakogundulika wagonjwa wa kwanza. Yale masasisho ya hiari yanayotokea mwishoni mwa mwezi nayo ni ya majaribio, mgeni ayaruke.

Hatua ya 6: Pakua kwanza

Kupakua na kusakinisha ni kazi mbili. Ya kwanza inaweza kufanyika ukiendelea na shughuli zako. Ya pili ndiyo inayokunyima kompyuta. Pakua mchana, sakinisha usiku. Kama nyumbani kuna kompyuta kadhaa za Windows kwenye Wi-Fi moja, tafuta "Delivery Optimization" na uruhusu zigawane sasisho kutoka kwa kompyuta za mtandao huo wa ndani. Hapo hapo unaweza kuweka kikomo cha kasi ili upakuaji usimeze intaneti ya wote.

Hatua ya 7: Sakinisha, halafu ondoka hapo

Nitawasimulia aibu yangu. Nilikuwa na kompyuta ndogo yenye diski ya zamani, ile inayozunguka. Sasisho likafika asilimia 27. Nikaenda kuoga, nikarudi: 27. Nikala, nikarudi: 27. Vidoti vinazunguka tu. Baada ya saa moja na dakika kumi nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikanyamaza, nikaiwasha. Skrini nyeusi, kistari cheupe juu kushoto kinapepesa. Ilinichukua siku mbili kurudisha kila kitu. Kilichoniuma zaidi nilikikumbuka baadaye: taa ndogo ya diski, pale pembeni, ilikuwa inameta wakati wote. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Aliyeganda nilikuwa mimi.

Asilimia zinazoonyeshwa si saa. Hazipandi kwa kasi moja. Zinaweza kukaa kwenye 27 dakika 40 kisha zikaruka hadi 70 kwa pumzi moja. Juzi mpwa wangu alinipigia:

"Mjomba, imeganda."

"Taa ya diski inameta?"

"Hii haina taa."

"Basi sogeza sikio kwenye feni. Inavuma?"

Kimya. "Inavuma, halafu inaacha, halafu inavuma."

"Basi ni nzima. Kalale."

Asubuhi alinitumia picha ya kompyuta ikiwa imefunguka vizuri.

Kwa hiyo: kompyuta ya diski mpya isiyozunguka, ipe saa mbili. Ya diski inayozunguka, ipe usiku mzima. Simu ya Android ya miaka ya karibuni mara nyingi husakinisha sasisho kwenye sehemu ya pembeni huku ukiendelea kuitumia, kisha inahamia huko ikijiwasha. Hiyo haina maumivu makubwa. Ila usiruhusu chaji iishe wakati nembo ya kampuni iko kwenye skrini.

Hatua ya 8: Washa upya kikweli

Kwenye Windows, kuzima na kuwasha si sawa na kuchagua "Restart". Kompyuta nyingi zina mtindo wa kuwaka haraka: ukichagua "Shut down", kiini cha mfumo hulazwa tu, hakizimwi, na kesho huamka vile vile kikiwa na ya jana. Sasisho linaweza kubaki nusu. Chagua "Restart". Ikikutaka mara ya pili, ipe mara ya pili.

Kwenye Ubuntu, kiraka cha kiini cha mfumo hakifanyi kazi mpaka uwashe upya, hata kama usakinishaji umesema umekamilika. Kama kuna faili linaitwa /var/run/reboot-required, bado unadaiwa.

Hatua ya 9: Hakiki

Rudi hatua ya 1, soma namba na tarehe, linganisha na ulichoandika. Jaribu vitu ulivyo na haja navyo: printa, sauti, kamera, Wi-Fi, programu ya benki. Fanya hivyo siku hiyo hiyo. Ukigundua kasoro leo unajua imeletwa na nini. Ukiigundua baada ya wiki tatu utaanza kumshuku kila mtu.

Makosa yanayorudiwa

Kubofya "sasisha sasa" kwenye tovuti. Hili ni la hatari kuliko yote. Tovuti haijui kompyuta yako imepitwa na wakati, na faili litakalopakuliwa hapo mara nyingi ni kirusi. Sasisho la mfumo hutoka kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe, basi.

Kusakinisha programu ya "kusasisha madereva yote" (drivers, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na vifaa vyake). Nyingi hudai pesa na kuleta balaa. Windows Update, au tovuti ya aliyeunda kompyuta, inatosha.

Kuzima huduma ya masasisho moja kwa moja kwa mbinu uliyoisoma mahali. Unapata amani ya miezi miwili, halafu unapata deni la miezi miwili kwa mkupuo, na masasisho yaliyolundikana ndiyo yanayogoma zaidi.

Kudhani programu ya kuzuia virusi ni mbadala wa viraka. Kwanza haizibi matundu ya mfumo. Pili, yenyewe nayo husasishwa, na inaweza kuangusha kompyuta: tarehe 19 Julai 2024 sasisho la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha takribani kompyuta milioni 8.5 za Windows. Faili lile bovu liliondolewa kwenye seva kabla saa moja na nusu haijaisha, lakini mashine zilizokuwa zimeshalipokea zililazimika kurekebishwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mambo yakikwama

*Upakuaji umesimama kwenye asilimia sifuri.* Tazama saa na tarehe ya kompyuta kwanza. Niliwahi kuhangaika nusu siku na mashine iliyoamini kwamba tuko miaka mingi nyuma, kwa kuwa betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Seva zilikataa kuzungumza nayo kwa sababu vyeti vyote vya usalama vilionekana si halali. Tarehe ikiwa sawa, zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kama unayo, kisha jaribu tena.

*Hitilafu 0x80070070.* Diski imejaa. Rudi hatua ya 4.

*Hitilafu 0x800f0922.* Ama kompyuta haikuweza kufika kwenye seva za masasisho, ama ile sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili ya mfumo imejaa. Anza na kuzima VPN. Ndiyo dawa nyepesi.

*Hitilafu 0x80070643 kwenye Windows 10.* Kama ilianza Januari 2024 na sasisho lenyewe ni KB5034441, kosa si lako. Sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya uokoaji ilikuwa ndogo mno kulipokea, na watu wengi waliikuta. Masasisho mengine yataendelea kuingia.

*Windows inapakua, inasakinisha, inashindwa, inaanza upya, kila siku.* Jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza washa upya na uchomoe kila kitu cha USB kisicho cha lazima. Pili, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi (Run as administrator), andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

ikimaliza, andika:

sfc /scannow

Ya kwanza hukarabati ghala la mafaili ya mfumo, ya pili huchukua kutoka kwenye ghala hilo na kurekebisha yaliyoharibika; ndiyo maana mpangilio una maana. Ikishindikana, simamisha huduma ya masasisho kwa kuandika net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda C:\Windows\SoftwareDistribution liwe SoftwareDistribution.old, kisha zianzishe tena kwa net start wuauserv na net start bits. Kompyuta itaunda folda mpya na kupakua upya kutoka mwanzo. Andaa bando.

*Muda wote umepita, taa haimeti, feni haivumi.* Sasa ndiyo, shikilia kitufe cha kuzimia kama sekunde 10. Ukiwasha, mara nyingi Windows itajirudisha ilipokuwa. Isipofunguka mara kadhaa mfululizo italeta ukurasa wa ukarabati, na humo utakuta nafasi ya kuondoa sasisho la mwisho.

*Sasisho limeingia lakini limeharibu kitu.* Kiraka cha mwezi unaweza kukiondoa kupitia historia ya masasisho. Toleo jipya unaweza kulirudisha nyuma ndani ya siku 10. Ukishakiondoa kiraka, simamisha masasisho kwa wiki moja au mbili, la sivyo kesho utakikuta kimerudi.

*Ubuntu inasema haiwezi kupata kufuli, /var/lib/dpkg/lock-frontend.* Kuna usasishaji mwingine unaendelea nyuma ya pazia. Subiri dakika chache. Usifute hilo faili la kufuli, hata kama umeambiwa hivyo na mtu mwenye uhakika mwingi. Kama umeme ulikatika katikati ya kazi, andika sudo dpkg --configure -a, kisha uendelee.

*iPhone inasema haiwezi kuhakiki sasisho.* Nenda kwenye orodha ya vitu vilivyojaza hifadhi, tafuta sasisho lililopakuliwa, lifute, pakua tena kwa Wi-Fi nyingine.

*Hakuna sasisho, na tarehe ya kiraka ni ya mwaka juzi.* Hapo huenda kampuni imeshaacha kukihudumia kifaa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukijiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa viraka unafika hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta isiyokidhi masharti ya Windows 11, hasa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, bado inaweza kuishi miaka mingi na Linux. Kwa simu, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji orodha ya modeli zinazohudumiwa. Ukienda kununua nyingine, uliza miaka ya viraka kabla ya kuuliza kamera: Pixel 8 ya Google ya mwaka 2023 na Galaxy S24 ya Samsung ya mwaka 2024 zilitoka na ahadi ya miaka saba. Miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, hata kama wewe utainunua mwaka wa tatu.